Kuosha na kung'arisha gari la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana

Maswali haya ni ya vijana wa sekondari, wengi wao wa Dar es Salaam, ambao wamependa kazi ya kutunza gari la baba, mama au mjomba na wanataka kuifanya vizuri kuliko inavyofanywa pale kwenye mashine ya presha mtaani. Majibu yamelenga magari tunayoyaona kila siku: IST, Passo, Vitz, Raum, Noah, Harrier, mengi yakiwa yameshatumika Japani kabla ya kushushwa bandarini. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja mengi yatakufaa pia, maana jua ni lilelile na kunguru ni walewale.

Gari si langu, ni la baba. Naanzaje?

Omba ruhusa, na uombe kitu kinachoeleweka. "Baba, naomba Jumamosi niwe naosha gari" ni ombi ambalo wazazi wachache watalikataa. "Baba, naomba nipige gari polishi" ni habari nyingine kabisa, iache kwanza, maana polishi hupunguza rangi. Miezi ya mwanzo fanya vitu ambavyo havipunguzi rangi: kuosha, kukausha, kusafisha ndani, kupaka waksi. Hapo hata ukikosea, kosa linaoshwa.

Kabla hujamwaga maji, zunguka gari pamoja na mwenyewe na upige picha kila mkwaruzo uliopo. Picha hizo zitakuokoa siku mama atakapoona mchubuko wa bampa kwa mara ya kwanza na kukumbuka kuwa ni wewe uliyeosha mara ya mwisho.

Gia iwe kwenye P (ya kuegesha), breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa, funguo kwa mzazi. Kama hujatimiza miaka 18 huna leseni ya gari, kwa hiyo kulisogeza kivulini ni kazi ya mwenye leseni, hata kama ni ndani ya geti.

Ninunue vitu gani kwanza? Hela yangu ni ya kuungaunga.

Ndoo mbili za lita 20, ambazo pengine zipo nyumbani. Shampuu ya gari, chupa moja. Glovu ya kuoshea ya maikrofaiba, ile yenye manyoya marefu. Vitambaa vya maikrofaiba sita hivi vya rangi tofauti, ili cha rimu kisije kikagusa boneti. Taulo moja kubwa ya kukaushia. Brashi ya rangi ya kuta, ile laini ya inchi moja, kwa ajili ya matundu ya AC na vifungo vya dashibodi. Basi.

Vitu hivi vinapatikana Kariakoo upande wa Gerezani na kwenye maduka ya vipuri karibu kila wilaya. Kitambaa kizuri cha maikrofaiba kimechanganywa poliesta na poliamaidi, mara nyingi asilimia 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na lebo yake husema hivyo. Ukikipitisha kwenye kiganja kikavu unakisikia kinashika ngozi. Kikiteleza kama nailoni, muuzaji amekuuzia jina tu. Kata lebo na pindo ngumu kabla ya kukitumia, na kisipikwe kwenye maji ya moto wala kuwekewa dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi kikaacha kunyonya maji.

Mashine ya kupigia polishi usinunue. Mashine ya presha pia si lazima.

Kwa nini ndoo mbili? Si maji ni maji?

Hili ndilo swali lenye jibu refu kuliko yote hapa, na ukilielewa umeelewa nusu ya kazi.

Gari halifubazwi na vumbi. Hufubazwa na mtu anayelisugua likiwa bado na vumbi. Chukua gari jeusi lenye miaka kadhaa, lisimamishe juani saa nne asubuhi, utazame boneti pale mwanga unapopiga: utaona mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui. Mingi imetokana na kuoshwa. Chembe ya mchanga imekaa kwenye sponji, sponji ikazungushwa, na mchanga ukachora. Ukitumia ndoo moja, uchafu unaoutoa kwenye mlango unaurudisha majini, kisha unauchota tena na kuupaka mlango wa pili.

Kwa hiyo ndoo ya kwanza ina maji na shampuu, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glovu. Unachovya kwenye sabuni, unaosha sehemu ndogo, unasuuza glovu kwenye maji matupu, ndipo unarudi kwenye sabuni. Ukimaliza, angalia mchanga uliozama chini ya ndoo ya kusuuzia. Huo wote ungekuwa umepita juu ya rangi.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Anza na magurudumu, kwa kitambaa chake na maji yake, kwa sababu ndiko kuna uchafu mkali. Halafu mwagia gari zima maji mengi kutoka juu kwenda chini bila kuligusa, usubiri dakika chache tope lilainike, umwagie tena. Kipindi cha masika tope huganda nyuma ya matairi na chini ya milango, hapo mwagia hata mara tatu. Sasa ndipo unagusa kwa glovu: paa, vioo, boneti, mlango wa nyuma, milango sehemu ya juu, na mwisho kabisa ule ukingo wa chini wa milango na bampa. Pitisha glovu kwa mstari ulionyooka, mkono mwepesi. Usizungushe. Ikianguka chini, usiirudishe kwenye gari kabla hujaisuuza vizuri mpaka mchanga uishe.

Saa ya kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, au jioni jua likishapoa. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Kama huwezi kuuacha hapo kwa raha, bati lina moto na shampuu itakauka kabla hujaisuuza.

Maji yenyewe ni ya mgao. Nitaosha kwa kiasi gani?

IST inaoshwa vizuri kwa ndoo tatu za lita 20, pamoja na ya kusuuzia. Siri ni keni ya kumwagilia maua: inatoa maji mapana na mapole, na unajua umetumia kiasi gani. Bomba la mpira likiachwa wazi linamaliza ndoo kama hiyo ndani ya dakika chache. Waliokuwa Dar mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, wanakumbuka maneno ambayo mtu aliyeosha gari kwa mpira angeambiwa na majirani.

Kama gari lina vumbi jepesi tu, lisubiri. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ndiyo njia ya haraka zaidi ya kulikwaruza, ingawa kila mlinzi wa geti hufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Gari linabaki na madoa meupe. Nifanyeje?

Madoa hayo ni madini, hasa ya kalisi na magnesi, pamoja na chumvi yenyewe. Maji yamekauka, madini yamebaki. Yakiachwa juani wiki baada ya wiki hushika sana, na mengine huacha alama ndani ya tabaka la juu la rangi.

Kinga ni kutoruhusu maji yakauke yenyewe. Osha nusu ya gari, suuza, kausha, halafu nenda nusu nyingine. Ukiweza, maji ya kumalizia yawe ya bomba au ya mvua. Maji ya mvua hayana madini ya kutaja. Ndoo mbili zilizokingwa kwenye mapaa siku ya mvua kubwa, baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, ni maji bora ya kusuuzia kuliko yoyote utakayouziwa na boza.

Madoa yaliyokwisha kukaa jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bati liwe limepoa na uko kivulini. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, futa taratibu, kisha suuza kwa maji mengi. Siki isikauke juu ya gari. Doa likigoma, limeshaingia ndani, na hapo ni kazi ya polishi, siyo ya kuongeza siki.

Foma au sabuni ya vyombo haifai?

Sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Itang'oa na waksi yako, na ile isiyoyeyuka vizuri ina chembe. Sabuni ya vyombo haina chembe, ila nayo huondoa waksi. Ina siku yake moja: unapotaka makusudi kuondoa waksi ya zamani kabla ya kupaka mpya.

Na dodoki? Fulana kuukuu?

Dodoki ni la mgongoni. Fulana ya pamba ni nzuri kwa kufuta fremu za milango, siyo rangi ya nje.

Kunguru na mwembe wameniharibia boneti. Madoa yanatoka?

Kunguru hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka kuja bara, na tangu hapo hakuna gari la pwani lililo salama. Kinyesi chao kina asidi. Kibaya zaidi ni jua: bati likipata joto tabaka la juu la rangi hulainika na kutanuka, likipoa hujikunja kuzunguka uchafu uliokauka. Ndiyo maana doa la asubuhi likiachwa hadi jioni linaweza kubaki na alama hata baada ya kuoshwa.

Usilikwangue. Lowesha kitambaa maji ya sabuni, kilaze juu yake dakika tano, kisha kiinue kwa kukikunja kwenda juu. Rudia kama kumebaki kitu. Chupa ndogo ya maji na kitambaa safi vikae ndani ya gari, mwambie na baba afanye hivyo akiwa kazini. Kati ya mambo yote ya ukurasa huu, hili ndilo lenye faida kubwa kwa jasho dogo.

Mwembe una makosa mawili. Wakati wa maua, wadudu wadogo wa mti hudondosha majimaji matamu yanayonata kwenye kioo na paa. Hayo hutoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu yakiwa bado mabichi. Utomvu uliokauka ni mgumu zaidi. Tumia spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa, kidogo, gusa na usubiri, kisha osha eneo hilo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, hasa kama gari liliwahi kupakwa rangi gereji ya mtaani, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo hulainika zikiguswa na spiriti.

Matone ya lami chini ya milango hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto, kisha shampuu mara moja. Usimwagie gari mafuta ya taa kwa kopo kama wanavyofanya wengine.

Anko, shikamoo. Nimeosha vizuri lakini ukigusa boneti bado inakwaruza kama msasa. Ni nini?

Marahaba. Hizo ni chembe zilizojishikiza kwenye rangi: vumbi la chuma kutoka kwenye breki na reli, ukungu wa rangi kutoka gereji jirani, masalia ya lami. Shampuu haiziwezi. Kuna udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaonyooka kama ule wa watoto wa kufinyanga, ambao unapitishwa juu ya rangi ikiwa imeloweshwa maji ya shampuu mpaka iwe inateleza kabisa. Unakandwa na kukunjwa kila baada ya eneo dogo ili upande safi uwe ndio unaogusa. Ukidondoka chini, tupa, usibishane nao.

Tia mkono ndani ya mfuko laini wa nailoni kisha gusa rangi, utasikia chembe ambazo kidole kitupu hakizisikii. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, na baada yake lazima upake waksi.

Lini nitapiga polishi? Nataka ile mikwaruzo itoke.

Nitakukatisha tamaa kidogo. Polishi haizibi mkwaruzo. Inapunguza rangi ya pembeni mpaka ifike usawa wa mkwaruzo. Magari mengi yana tabaka la kliya (tabaka angavu lisilo na rangi) juu ya rangi, na kliya ya kiwandani huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo. Kila ukipiga polishi unatumia akiba ambayo hairudi, na kliya ndiyo inayozuia jua lisiunguze rangi. Yale mapaa ya magari unayoyaona yamebambuka vipande vyeupe mithili ya ngozi ya mtu aliyeungua, kliya imekufa, na hakuna polishi ya kuifufua.

Ongeza na hili: hujui gari limepitia nini Japani wala gereji gani hapa. Chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kwa kitambaa, ipitishe kwenye milango na mabati ya juu ya magurudumu. Mahali inapolegea ghafla kuna puti (ile ya kuzibia mabonde ya bati) chini ya rangi. Bampa usilihesabu, ni plastiki. Panapo puti, rangi ni ya gereji na unene wake anaujua aliyepaka.

Kipimo cha mkwaruzo ni ukucha. Pitisha ukucha juu yake kwa kukatiza. Ukikwama, mkwaruzo una kina kuliko uwezo wako, uache au upeleke kwa fundi rangi. Usipokwama, unaweza kuupunguza kwa mkono: polishi laini kabisa, pedi ya sponji, eneo la sahani moja, dakika mbili tatu, futa, tazama. Ukiona nafuu, simama hapo. Tamaa ya kutaka ung'avu wa kioo ndiyo inayotoboa rangi, hasa kwenye kona na mistari ya bodi ambako tabaka ni jembamba.

Kuna kitu kinawatisha wengi: unapiga polishi Toyota nyeupe na kitambaa kinageuka cheupe. Nyeupe ya Toyota yenye namba 040 kwa kawaida haina kliya, rangi na mng'ao ni tabaka moja, hivyo unachokiona ni rangi yenyewe ikipungua kidogo. Ni kawaida yake, ila inakukumbusha kwamba kweli unapunguza. Namba ya rangi ipo kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, mbele ya neno COLOR.

Ukitaka kujifunza mashine, nenda gereji ya bodi uombe mlango au boneti mbovu. Mafundi wanazo, na wengi watakupa bure ukisalimia vizuri na kusaidia kufagia. Mashine inayozunguka huku ikitikisika ni ya kujifunzia. Ile inayozunguka tu kwa kasi ndiyo inayounguza rangi kwenye mikono migeni.

Dawa ya meno si inafanya kazi hiyohiyo?

Ina chembe za kusugulia ambazo hakuna aliyezipima kwa ajili ya rangi ya gari. Ibaki bafuni.

Waksi, silanti, seramiki: nichukue ipi?

Waksi. Ile ya asili hutengenezwa kwa nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inapakwa kwa mkono, inasamehe makosa, na ukiichukia unaiosha. Kwa jua la Dar usitegemee idumu zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Silanti ni ya kutengenezwa maabara, hukaa miezi kadhaa, upakaji wake karibu ni uleule: tabaka jembamba, kivulini, subiri ipate ukungu, futa. Watu hupaka nyingi wakidhani inazidi kulinda, matokeo yake wanafuta mpaka bega linauma.

Seramiki ni kioevu chenye silika kinachogandamana na rangi na kukaa muda mrefu sana. Na kasoro zako zote hukaa humohumo. Ukikosea kufuta, inaganda na michirizi ambayo haitoki bila polishi, na joto la pwani huifanya iwahi kuganda. Waachie watu wa kazi.

Kama gari limetoka kupakwa rangi gereji, usipake chochote mwezi mmoja hadi mitatu. Rangi bado inapumua.

Taa za mbele zimekuwa za njano. Naweza kuzirudisha?

Unaweza, na hii ndiyo kazi itakayokupa sifa nyumbani kwa sababu mabadiliko yanaonekana usiku uleule barabarani. Lakini ielewe kwanza. Taa za magari ya siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, siyo kioo. Kiwandani hupakwa tabaka la kuzuia mionzi ya jua. Tabaka hilo likizeeka huwa njano na kuchakaa. Kazi yako ni kuliondoa lote kisha kuweka kinga nyingine. Wengi hufanya nusu ya kwanza tu, wanapiga picha, na baada ya muda mfupi taa inarudi njano kuliko mwanzo maana sasa haina kinga kabisa.

Tazama kwanza kama ukungu uko nje au ndani. Lowesha taa maji. Ikionekana safi ikiwa imelowa na kurudi kufifia ikikauka, tatizo liko nje na utaliweza. Kama haibadiliki, au unaona matone ndani, msasa hautasaidia kitu.

Zungushia rangi ya jirani tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mara mbili. Andaa misasa ya maji namba 1000, 2000 na 3000, na chupa ya kupulizia maji. Anza na 1000: maji mengi, mkono mwepesi, mwelekeo wa kushoto kulia. Maji yatatoka ya njano au ya maziwa mazito, ndilo tabaka la zamani hilo. Endelea mpaka taa yote iwe na ufifi wa aina moja, pasiwe na kisiwa kinachong'aa. Hapa watu huogopa, wakaona wameua taa. Hujaua. Namba 2000 kwa mwelekeo wa juu chini, ili ujue umefuta mistari ya 1000. Halafu 3000. Kausha, piga polishi ya plastiki kwa mkono mpaka iwe angavu, futa kwa spiriti, kisha paka kinga ya mionzi ya jua iliyotengenezwa kwa ajili ya taa, kwa kufuata maelezo ya chupa. Usitumie ile kliya ya gereji inayochanganywa na kikaushio: mvuke wake unaumiza mapafu na unahitaji barakoa maalumu ambayo huna.

Magari ya zamani sana yenye taa za kioo hayahitaji lolote kati ya haya.

Ndani ya gari nianzie wapi? Tumetoka Kigamboni, kapeti imejaa mchanga.

Juu kwenda chini, kavu kabla ya maji. Toa mazulia, yageuze uso chini uyapige mgongoni. Mchanga uliozama hutoka kwa kupigwa, siyo kwa kufagiwa. Sogeza siti mbele hadi mwisho, halafu nyuma hadi mwisho. Ukipata mashine ya kuvuta vumbi, tangulia na brashi ngumu ili kuinua mchanga. Chini ya siti ukiona nyaya zenye soketi za njano, usizichomoe wala kuzilowesha: ni za mifuko ya hewa.

Siti za kitambaa zinaharibiwa na maji kuliko uchafu. Sponji ya ndani ikilowa katika unyevunyevu wa pwani haikauki, na baada ya siku tatu gari linanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Piga sabuni mpaka upate povu, tumia povu peke yake, sugua kwa brashi laini, futa kwa kitambaa chenye unyevu, milango wazi mpaka pakauke. Mkanda uvute wote nje, ufute kwa sabuni nyepesi, ubane kwa kibanio cha nguo mpaka ukauke ndipo urudi.

Harufu ya samaki au maziwa usiifukuze kwa pafyumu ya kuning'iniza. Tafuta chanzo. Nyunyizia bikaboneti ya soda kapeti kavu, acha usiku kucha, ivute. Isiwe magadi, hayo ni makali. Kama harufu hutoka AC inapowashwa, angalia chujio la hewa ya ndani, ambalo kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria na hutoka bila spana. Utashangaa kuna majani ya mwarobaini humo.

Dashibodi ifute kwa kitambaa chenye unyevu tu. Yale mafuta ya kung'arishia huakisi kwenye kioo cha mbele mchana, na yakipakwa kwenye usukani au pedali yanateleza. Hilo si suala la urembo.

Tairi nizipake nini ziwe nyeusi? Na rimu?

Tairi zisugue kwa brashi na sabuni mpaka povu liache kuwa la kahawia. Ukipenda kupaka dawa ya kung'arisha, iwe ya maji, ubavuni tu, kamwe isiguse sehemu inayokanyaga barabara.

Kwa rimu uwe makini na dawa zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina jina wala maelezo. Baadhi ya visafishio vikali vya rimu vina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kuumiza hadi mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kuanza. Chupa isiyo na lebo haifunguliwi. Kwa rimu zenye vumbi la kawaida la breki, shampuu na brashi kila unapoosha vinatosha.

Injini nioshe?

Bado. Ikiwa imepoa kabisa, futa vifuniko vya plastiki kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Usipige maji kwenye alteneta (inayochaji betri), koili (za kuwashia plagi) na kisanduku cha fyuzi. Na yeyote anayekuambia osha kwa petroli, muage.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anaanza kuosha magari ya majirani kwa hela. Nimwachie?

Mwachie, mzazi mwenzangu, kwa masharti machache. Aanze na ndugu na jirani anayewafahamu, aoshe na kusafisha ndani tu, asiguse polishi gari la mtu. Picha kabla na baada. Bei waelewane kabla ya maji kumwagika, na asiwapunguzie bei vijana wa kuosha magari wa mtaa wenu, wale wanaendeshea familia kwa kazi hiyo. Glovu za mpira anapotumia dawa yoyote zaidi ya shampuu, na dawa mbili zisichanganywe kamwe. Jumamosi baada ya kazi za shule. Akionesha nia ya kweli, VETA (mamlaka ya ufundi stadi) wana mafunzo ya ufundi wa magari, na huko ndiko atakakoshika mashine mbele ya mwalimu.

Nioshe mara ngapi?

Kila wiki mbili wakati wa kiangazi panatosha. Masika, na kama gari linalala karibu na bahari au limepita ufukweni, kila wiki, na usisahau kumwagia maji chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, ambako chumvi na tope hukaa pamoja na kutu huanzia. Waksi kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Utajua imeisha siku maji yatakapoacha kujikusanya matone kwenye boneti na kuanza kutandaa.